Hatua Kumi na Nne Kutoka Mlango wa Nyuma

Kabla sijaanza nina lalamiko. Kila ninachokiandika hapa mke wangu anakisoma kwanza, kalamu nyekundu mkononi. Akikuta jambo ambalo halikutokea, anapiga mstari. Juma lililopita alikata karibu nusu ukurasa, ndiyo maana hadithi ilitoka fupi. Mliolalamika, mlalamikieni yeye.

Mimi naona ananionea. Yeye anasema ananilinda nisiwadanganye watu. Ugomvi huo haujaisha, na chai ya asubuhi tumekunywa bila kutazamana.

Kwa ambaye hakuwa nasi: mimi ni fundi umeme, au tuseme nilikuwa. Watu waliniita Ramani, kwa sababu katika miaka ishirini na sita ya kazi sikuchora mchoro wa waya hata mmoja. Kila jengo nililolifungia umeme lilikuwa kichwani. Mwenye jengo akitaka kujua waya umepita wapi, lazima aniite mimi. Huo ndio ulikuwa ujanja wangu. Niliamini fundi anayechora anamchorea atakayemnyang'anya kazi.

Na miaka hiyohiyo nilikuwa napiga maji. Si ya sherehe, ya kila siku, kuanzia asubuhi, kwenye chupa ya soda iliyokaa chini ya bisibisi katika boksi la vifaa. Nisipokunywa mikono inatetemeka, nikinywa inatulia, nikawa naiita dawa ya mikono. Chakula nilikiona usumbufu tu.

Mmeshasikia nilivyomwaga unga kiwanda cha barafu. Mmesikia simu tatu nilizopoteza, na siku niliyoteleza kwenye ngazi za nyumbani nikamwangukia mke wangu, goti lake likavimba na hadi leo anatembea na fimbo. Mimi nanyi tuliachana juma lililopita nikiwa mlangoni mwa kliniki, mke wangu amenishika shati kwa nyuma nisije nikatoroka. Nilikuwa na siku kumi na tisa bila kuonja hata tone. Nilitegemea kupongezwa.

Basi tukaingia.

Daktari alikuwa mwanamke, mdogo kuliko binti yangu wa kwanza. Mezani kwake palikuwa na karatasi, kalamu na saa ndogo. Hakunipongeza.

"Baba, nitakutajia maneno matatu. Yashike, nitakuuliza baadaye. Kofia. Daraja. Sindano."

Nikacheka. "Mwanangu, kichwa hiki kimebeba waya za shule, za hospitali na za viwanda viwili. Leo unanipa kofia?"

"Yarudie, tafadhali."

"Kofia, daraja, sindano. Haya, twende kwenye mambo ya watu wazima."

Akaniambia nichore saa. Nikachora. Akaniambia nifuate kidole chake kwa macho bila kugeuza kichwa. Nikafuata. Akaniambia nitembee kwenye mstari wa vigae hadi dirishani. Nikatembea, miguu imepanuka kama mtu aliye juu ya paa, na mke wangu akawa ananyoosha mkono kila hatua utadhani mimi ni mtoto wa mwaka mmoja. Nikamwambia ashushe huo mkono. Akaushusha nusu.

"Jana ulifanya nini, baba?" daktari akauliza.

Swali jepesi kabisa. Nikajiweka sawa kwenye kiti.

"Jana nilikuwa kazini, kiwanda cha barafu. Nimeingia saa mbili. Mlinzi akanitania viatu vyangu, kwamba kimoja kimeoa na kingine kimeachwa. Nikambadilishia meneja swichi kuu, tukanywa chai, chai yenyewe ina sukari kama wanatengeneza jamu. Mchana nikamwonyesha mdogo wangu mahali waya mkuu ulipopita chini ya ardhi, maana anataka kuchimba mtaro wa bomba. Jioni nikarudi nyumbani."

Daktari akamgeukia mke wangu. Mke wangu alikuwa ameinama.

"Mume wangu," akasema, "una miezi saba hujakanyaga kiwandani. Jana umeshinda kwenye kochi."

"Kochi lipi?"

"La sebuleni. Tunalo moja."

Hasira ikanipanda. Ndugu msomaji, hebu jiweke mahali pangu. Unasimulia siku yako mwenyewe, ladha ya chai bado unaisikia mdomoni, halafu mtu mwenye akili timamu, mtu uliyezaa naye, anakwambia haikuwepo. Na mtu huyo hajawahi kukudanganya hata siku moja. Utamwamini nani?

"Haya!" nikapiga meza. "Nyinyi mnaoyajua maisha yangu kuliko mimi, yasimulieni basi! Mimi nitakaa kimya nisikilize!"

"Baba, tulia. Nikumbushe yale maneno matatu."

"Bisibisi, waya, taa," nikasema palepale.

Nilikuwa na uhakika. Hicho ndicho kinachonikera mpaka leo. Kama ningekuwa na shaka kidogo ningejitilia wasiwasi, lakini sikuwa nayo. Nilimtazama daktari nikisubiri aseme vizuri sana.

Mke wangu akaanza kulia. Hakutoa sauti, mabega tu yalikuwa yanacheza.

"Kwa mtihani mmoja tu wa maneno, unamliza mke wangu," nikamfokea daktari.

"Sijamliza mimi," daktari akajibu bila kupandisha sauti. "Baba, nitakueleza, na kesho utahitaji kuelezwa tena, kwa hiyo mama ataandika. Pombe nyingi kwa miaka mingi, na kutokula, vimekumalizia vitamini B1 mwilini. Ubongo ukiikosa unaumia. Sehemu iliyoumia kwako ndiyo inayohifadhi mambo mapya. Jambo linaingia, halipati pa kukaa, linatoka."

"Lakini mimi nakumbuka! Nimekwambia mpaka chai!"

"Ndiyo. Pakibaki pengo, ubongo wako unalijaza. Unachukua kitu cha zamani, cha kweli kabisa, unakiweka kwenye siku ya jana. Chai hiyo uliinywa, sina shaka. Huenda uliinywa miaka mitano iliyopita. Wewe si mwongo, baba. Hujui tu kwamba umekosea."

"Basi nipe dawa."

"Utaanza sindano za vitamini leo hii. Na pombe, basi. Kuna kitakachorudi na kuna kisichorudi. Siwezi kukuahidi zaidi ya hapo."

Mimi niliyefika pale kupongezwa! Siku kumi na tisa nimejikaza kisabuni, nimetapika, nimetokwa jasho mpaka godoro limeanikwa juani, halafu naambiwa wizi ulishafanyika zamani. Nilimchukia yule daktari. Nilimchukia zaidi kwa sababu alikuwa mpole.

Nikakamata kofia yangu niondoke.

"Subiri," mke wangu akasema. Alikuwa amefungua daftari lake, lile la jalada la buluu ambamo anaandika siku zangu moja baada ya nyingine. "Hilo la mdogo wake lina ukweli, daktari. Jana hakwenda kiwandani, lakini shemeji alikuja nyumbani." Akasoma: "Saa nne asubuhi. Shemeji amekuja. Wamezungumza sebuleni wawili tu. Shemeji ametoka amefurahi."

Hapa nimweleze mdogo wangu. Baba yetu alifariki yeye akiwa darasa la pili, nikamlea mimi. Nilitaka aje kwenye umeme, akakataa, akaenda kujifunza ufundi bomba. Tukawa mmoja Umeme na mwingine Maji, na watu wakawa wanatutania kwamba mama yetu alikuwa na kazi kutulaza chumba kimoja. Katika ukoo mzima alibaki yeye peke yake aliyekuwa bado ananiita fundi. Wengine walishaanza kuniita "yule".

"Alisemaje alipotoka?" daktari akauliza.

Mke wangu akajifuta macho. "Nilimwambia, shemeji, usimsikilize sana kaka yako siku hizi. Akanicheka. Akasema, 'Shemeji, kaka atasahau jina lake, lakini waya hasahau.'"

Nikamtazama daktari. Umeona? Kuna mtu anayenijua.

"Na mlizungumza nini, baba?"

"Nimeshakwambia. Wanataka bomba jipya kiwanda cha barafu, upande wa nyuma. Meneja amekataa kuzima umeme, barafu yake itayeyuka. Mdogo wangu akataka kujua waya mkuu uko wapi ili aukwepe. Nikampa: unatoka mlango wa nyuma, hatua kumi na nne kwenda mbele, unakata kushoto kwenye tangi la maji. Upande wa kulia, kando ya ukuta, hakuna kitu, achimbe anavyotaka. Na juu ya waya nimepanga matofali ya kuchoma, safu nzima, kusudi anayechimba akikuta tofali jekundu ajue ndiyo hapo, asimame. Nikamwambia, usipoona tofali jekundu usiwe na wasiwasi."

Nililisema lote bila kumung'unya neno. Fundi mwenye ugonjwa wa kusahau anaweza kusema hivyo?

Mke wangu alikuwa ameacha kuandika.

"Matofali ya kuchoma?" akauliza polepole.

"Ya kuchoma."

"Na tangi la maji liko kushoto?"

"Kushoto. Kwani we vipi?"

"Mume wangu, matofali yale ni ya shule ya wasichana. Nilikuletea chakula pale nikiwa na mimba ya binti yetu wa mwisho. Nikakaa juu ya hayo matofali, yakanichafua gauni, ukanicheka. Kiwanda cha barafu kilikuwa hata hakijajengwa."

Nikafungua mdomo nimbishie. Ndipo likanijia.

Sijui lilitoka wapi. Daktari anasema mambo ya zamani bado yapo, ila yamechanganyika, mengine yanajitokeza bila kuitwa. Nikakiona kiwanda cha barafu kama kilivyo. Kuta za saruji tupu. Tangi liko juu ya paa, haliko chini. Na ukuta wa kulia.

Hapa nakiri jambo ambalo sikulikiri kwa meneja wala kwa mke wangu wala kwa mtu yeyote, miaka minane. Siku nilipolaza waya mkuu wa kiwanda cha barafu nilikuwa nimelewa tangu alfajiri. Meneja alitaka mashine ziwake jioni ileile. Mtaro ulitakiwa ufike kiunoni, mimi ulipofika gotini nikachoka. Nikaulaza waya hapohapo, kando ya ukuta wa kulia, nikaufukia kwa miguu. Sikuweka mchanga. Matofali ya kuchoma niliyarudisha dukani, nikayanywa. Na kwa kuwa mimi ni Ramani nisiyechora, hakuna aliyejua ila mimi.

Mke wangu hakupiga mstari aya hiyo. Alitoka akakaa uani kitambo, akarudi, akaniambia endelea kuandika.

"Uko kulia," nikasema pale kliniki. Sauti haikuwa yangu. "Waya uko kulia. Uko juujuu. Nimemwambia achimbe juu yake."

"Anachimba lini?" daktari akauliza.

"Leo," mke wangu akasema, tayari ameshika simu. "Alisema leo asubuhi."

Ikaita. Ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Sote wawili tulijua sababu: mdogo wangu akishuka mtaroni huvua koti, na simu hukaa ndani ya koti. Mimi ndiye niliyemfundisha hivyo. Namba ya ofisi ya kiwanda ilikuwa kwenye simu yangu, na simu yangu, kama mjuavyo, ilikuwa ya tatu kupotea. Daktari akanyanyua simu ya mezani, akawaomba mapokezi waitafute namba ya kiwanda; hawakuwa nayo.

Kutoka kliniki hadi kiwandani ni mitaa miwili. Mke wangu akasimama, goti likamkatalia, akaketi tena huku ameuma meno.

"Nenda wewe," akaniambia. "Kimbia. Mimi nakuja nyuma, nitaendelea kupiga."

"Naenda."

"Ngoja!" Akachana ukurasa kwenye daftari, akaandika kwa herufi kubwa: MWAMBIE ASICHIMBE KULIA. "Shika. Weka mkononi, usiiachie."

Nikaitazama ile karatasi.

Naomba niseme ukweli, na huu mke wangu hawezi kuukata kwa sababu aliuona. Nilikasirika. Kila mlango wa nyumba yangu una karatasi. Kwenye jiko: ZIMA. Kwenye mlango wa nje: VAA VIATU. Bafuni: UMESHAOGA. Mtu mzima ninaishi ndani ya maandishi ya mke wangu kama bidhaa dukani. Sasa maisha ya mdogo wangu, mtoto niliyemlea, yananiita, moyo unanidunda mpaka masikioni, na mtu anadhani nitasahau? Hili nalo nitalisahau?

"Mimi niandikiwe?" nikamwambia. "Hilo la mdogo wangu niandikiwe?"

Nikaisukuma karatasi. Ikaanguka chini ya meza ya daktari. Nikatoka.

Ya kliniki daftari la mke wangu limenisaidia kuyakumbuka; kuanzia hapo sikumbuki. Ninayoyaeleza nimeyaokota kwa watu watatu: mke wangu, msusi mwenye duka kwenye kona ya pili, na mlinzi wa kiwanda. Nimewauliza mara nyingi mpaka msusi ameanza kunikimbia.

Msusi anasema alinisikia kabla hajaniona. Nilikuwa nakuja mbio za kupepesuka, mkono mmoja ukutani, natamka neno moja kama kinanda kilichokwama: "Asichimbe, asichimbe, asichimbe." Wateja wake wakatoka nje kutazama. Mmoja akasema yule mlevi leo ameanza mapema.

Halafu nikasimama.

Juu ya mlango wa duka lake palikuwa na waya wa taa ya nje. Mtu alikuwa ameuunganisha kwa kuusokota tu, akaufunga mfuko wa plastiki juu. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, mfuko umejaa maji.

"Nani kafanya uchafu huu?" nikauliza.

"Fundi, pita zako," msusi akanijibu.

"Nani kafanya? Mama, unasuka watu chini ya kifo! Maji na umeme, unajua maana yake? Zima swichi kuu! Zima sasa hivi!"

Anasema nilikuwa mkali mpaka akazima, mteja mmoja akabaki na nywele nusu. Nikapanda kiti. Miguu ilikuwa haitulii, lakini mikono, anasema, ilikuwa mikono ya fundi. Nikautoa ule mfuko, nikakausha, nikamenya waya kwa meno, nikaunga upya, nikaomba utepe, nikafunga. Nikamhubiria habari za kuunga waya kitaalamu. Nikashuka nikipangusa mikono, nimefurahi kweli.

"Umeokoa mtu leo," msusi akanitania.

"Ndiyo kazi yangu," nikamjibu.

Ilichukua dakika kumi hivi. Sikuwa nasema tena asichimbe.

Anasema nilibaki nimesimama katikati ya barabara, natazama huku na kule, nimekunja uso. Akaniuliza ninakwenda wapi. Nikamwambia kazini. Akaniuliza kazini wapi. Nikamtazama kama ameuliza ujinga. "Kiwanda cha barafu," nikasema. "Nimechelewa."

Miguu ilijua njia. Imeikanyaga miaka minane.

Mke wangu alipita pale akichechemea baada yangu, fimbo mkono huu, simu mkono ule. "Amepita?" akauliza. "Amepita mama, ametutengenezea waya." Msusi anasema hajawahi kuona mtu akipokea habari njema kwa uso ule.

Getini mlinzi alinipokea kwa furaha. Ni mtu wa utani, na hatukuonana miezi saba.

"Ramani! Viatu vyako vimerudiana au bado?"

"Bado viko mahakamani," nikamjibu. Akacheka mpaka akanifungulia bila kuniandikisha.

Anasema nilikuwa naonekana mzima kabisa, ila nilikuwa nahema sana na shati limeloa jasho. Akaniuliza kuna nini. Nikasema, "Nimekuja kwa jambo la haraka." Akauliza jambo gani. Akaona naligonga paji la uso kwa vidole, mara tatu, nne.

"Litakuja," nikamwambia.

Akafunga geti, akanisindikiza hadi uwanja wa nyuma.

Mdogo wangu alikuwa mtaroni. Koti limetundikwa kwenye mpini wa sepetu, na ndani ya koti simu inaita. Kwa kelele za mashine za barafu hakuna aliyeweza kuisikia. Mlinzi aliuona mwanga tu mfukoni, unawaka na kuzima. Mtaro umenyooka safi, umetokea katikati ya uwanja kuelekea ukuta wa kulia. Chini kulikuwa na maji yaliyovuja, yamemfika kwenye vifundo. Sululu begani.

Aliponiona akaachia tabasamu, kama mtoto aliyefuatwa shuleni.

"Kaka! Umekuja kunikagua?"

"Nimekuja," nikasema.

"Umefanya vizuri. Nilikuwa nataka kukuuliza. Nimepita hatua zako zote kumi na nne. Tofali la kuchoma sijaliona hata moja, kama ulivyosema. Nimebakiza hatua mbili kufika ukutani. Niendelee?"

Mlinzi anasema kwanza niligeuza kichwa. Nilitazama ukuta. Nilitazama maji miguuni mwake. Uso wangu, anasema, ulikuwa wa mtu anayetafuta funguo gizani, anajua ziko, vidole vinazigusa, zinateleza. Midomo ilikuwa inacheza bila sauti. Kulikuwa na kitu. Mpaka leo nikifumba macho nakitafuta kile kitu, na nakasirika mpaka nalia.

"Kaka?" mdogo wangu akaita. "Niendelee?"

Mke wangu anasema wakati huo alikuwa ameshafika getini, amening'inia kwenye vyuma, anapiga kelele kwa nguvu zake zote. Mashine zilikuwa zinanguruma. Hakuna aliyegeuka.

Na mimi, Ramani, fundi wa miaka ishirini na sita nisiyetaka kuandikiwa, nikamtazama mtoto niliyemlea akisubiri neno langu. Sikutaka aone kwamba sijui. Nikajaza pengo.

"Endelea," nikamwambia. "Upande huo hakuna kitu."

Akatema mate viganjani, akainua sululu.

Mke wangu amesoma mpaka hapa. Kalamu nyekundu alikuwa nayo mkononi, na mistari hii ya mwisho ameirudia mara mbili. Nilimwangalia nikiomba aikate, yote, aandike pembeni kwamba haikutokea.

Hakukata hata neno.